Kipimo Kisichomwacha Mtu

Daktari Muganyizi alilitamka neno "mailini" kama mzazi anavyolitamka jina la mtoto aliyefaulu. Msibani alilitaja, harusini alilitaja, na fundi bomba aliyekwenda nyumbani kwake Kiseke, Mwanza, kuziba sinki aliondoka akijua kwamba kila mshipa wa fahamu mwilini umevishwa utando wa mafuta uitwao mailini, kama waya wa umeme ulivyovishwa plastiki, na kwamba utando huo ukichubuka mtu hupofuka, hupooza, au hujikojolea hadharani. Sinki lenyewe liliendelea kuvuja.

Alikuwa amesoma Ulaya kwa miaka mingi, mahali ambapo, kwa maelezo yake, hata theluji ilikuwa na nidhamu. Katika ukoo wao huko Kagera hakuwa wa kwanza kuitwa daktari, na hilo lilimkera. Kaka zake wawili walimtangulia, mmoja udaktari wa sheria, mwingine udaktari wa migomba, na kila Krismasi walipokutana kwa mama yao, wa migomba ndiye aliyesikilizwa. Migomba ilikuwa inakufa, kila mtu aliiona. Mailini nani aliwahi kuiona ikinyauka?

Kazini, katika maabara ya utafiti iliyojengwa mlimani juu ya ziwa, mwenzake alikuwa Daktari Kija, mwanamke wa Kisukuma aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, akapanda shule kwa shule mpaka akawa bingwa wa seli. Kija alikuwa na maneno machache na kicheko cha puani. Utani wao ulikuwa wa kila siku. Yeye alimwita Muganyizi "nshomile", msomi wa kujisikia. Muganyizi naye alimwita "mchunga seli", na kwa kweli ndiyo ilikuwa kazi yake, kulisha seli za binadamu kwenye vichupa na kuzihamisha zikijaa.

Kazi iliyomleta Muganyizi Mwanza ilikuwa nzuri, tusimwonee kwa hilo. Alichukua jeni ya binadamu inayotoa protini moja ya mailini, ile ambayo wataalamu huiita MOG, akaipachika ndani ya bakteria. Bakteria hao ni ndugu wa wale wanaokaa utumboni mwa kila mtu. Hawa wa maabara wamefugwa tu wakawa wapole. Ukishawapa jeni ngeni huitii kama vibarua wasiouliza: wanakula, wanazaana, na wanatengeneza protini ya ubongo wa mtu bila kujua ubongo ni nini. Kisha unawapasua, unaichuja protini, unaihifadhi kwenye baridi kali. Ni kifaa cha maabara. Mtafiti hukitumia kuuliza maswali: kinga ya mwili inaitambuaje mailini, na kwa nini kwa baadhi ya watu huigeuka na kuishambulia kana kwamba ni adui.

Lakini kuuliza maswali hakumpi mtu umaarufu. Siku moja Muganyizi akaamua kwamba kifaa chake kianze kutoa majibu.

Alichukua sahani ya plastiki yenye vishimo vidogo vidogo, akagandisha protini yake chini ya kila kishimo, akadondoshea majimaji ya damu. Kama damu ile ina kingamwili, yaani askari wa kinga, waliofunzwa kuishambulia mailini, wangeing'ang'ania protini; ukiosha hawatoki, na ukitia dawa ya rangi kishimo kinakuwa cha njano. Kama hawamo, kishimo kinabaki cheupe kama maji. Akaomba damu za wagonjwa wa macho na wa mishipa kutoka hospitali moja mjini. Zote zikawa njano. Akamwita Kija kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Njano tupu! Tazama, hakuna hata mmoja aliyetoroka."

Kija akaiinamia sahani. "Umepima na watu wasioumwa?"

"Wa nini? Mimi natafuta ugonjwa."

"Basi pima na bakteria mtupu, yule ambaye hukumpa jeni. Mpasue, mchuje vilevile, umweke kwenye vishimo, uone damu itasemaje."

Muganyizi akatabasamu kwa huruma. "Dada yangu, baba yako akikamua ng'ombe akapata maziwa, je, huenda pia kumkamua dume ili ahakikishe?"

"Haendi," alisema Kija. "Ila siku dume naye akitoa maziwa, tutajua ndoo ilikuwa na maziwa tangu mwanzo."

Muganyizi alikuwa amechelewa kutafuta jibu, kwani asubuhi hiyo hiyo alikuwa amempigia simu Mheshimiwa Obedi.

Cheo cha Mheshimiwa Obedi hakina haja ya kutajwa. Itoshe kusema kilikuwa na bendera kwenye gari. Alipenda kuzindua. Alikuwa amezindua visima, choo cha soko, na jokofu la zahanati ambayo haikuwa na umeme. Aliposikia kwamba Mwanza imetengeneza kipande cha ubongo, alifuta safari nyingine zote.

Siku ya uzinduzi turubai lilisimamishwa uwanjani mwa maabara. Palikuwa na matarumbeta, palikuwa na kwaya, palikuwa na keki ya umbo la ubongo yenye sukari ya rangi ya waridi, na bango refu lililosema KIPIMO CHA MAILINI, FAHARI YA KANDA YA ZIWA. Mshereheshaji alilitamka jina hilo "maili nne" mpaka Muganyizi alipomnong'oneza, na baada ya hapo akalitamka "mailinne", akidhani amepatia. Mgeni rasmi alipanda jukwaani akicheza, mabega juu, magoti chini, watu wakapiga vigelegele. Kisha akakunja shati, akatoa damu yake mbele ya kamera, ili wananchi wasiogope.

Kipimo kile huchukua saa kadhaa, lakini hotuba za siku ile zilikitosha na kubaki. Muganyizi alikuwa amepanga kila kitu: vishimo vya wagonjwa vingekuwa njano, cha Mheshimiwa kingebaki cheupe, naye angetangaza kwamba kiongozi wetu ana mishipa ya simba. Sahani ikaonyeshwa kwenye skrini kubwa. Kishimo cha Mheshimiwa kilikuwa njano ya papai lililoiva.

Muganyizi akaona njia mbili mbele yake. Angeweza kusema kipimo kina walakini, au angeweza kusema Mheshimiwa ana walakini. Akavuta pumzi, akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa," alisema, "tumewahi!"

Watu hawakujua wafanye nini. Mshereheshaji akawaambia wapige makofi, wakapiga. Mheshimiwa aliyepanda jukwaa lile akicheza alishuka akiburuta mguu wa kulia, akashikiliwa huku na huku, na keki ikaliwa na wapambe bila yeye.

Baada ya hapo mji ulishikwa na mailini. Foleni ilianzia getini mwa maabara ikateremka mlima. Alipimwa mwalimu mkuu, njano. Alipimwa paroko, njano. Alipimwa mwamuzi wa mpira, njano, na mashabiki wakasema angalau sasa ile penalti inaeleweka. Waganga nao hawakulala. Kwa kuwa mailini ni mafuta, mmoja wao alianza kuuza mafuta ya sangara kwenye chupa za soda, vijiko viwili kwa kutwa, na dukani kwake palinuka mpaka wateja wakaamini ni dawa kweli. Watu walisimama kwenye vijiwe vya kahawa wakibonyezana magoti. Mwenye ganzi alionyesha ganzi, asiye na ganzi alisema kwake ugonjwa umejificha.

Muganyizi hakuwa amewahi kuwa na furaha kama ile. Kaka yake wa migomba alimpigia simu kumuuliza kuhusu goti lake.

Aliyemharibia alikuwa mkewe Prudencia, ambaye naye alipimwa, naye akakutwa njano. Alipewa majibu akiwa jikoni anamenya ndizi, akayasoma bila kuacha kisu.

"Baba Koku, hebu niambie. Kuna mtu yeyote ambaye kipimo chako kilimwacha?"

"Ugonjwa umeenea kuliko tulivyodhani, Mama Koku. Ndiyo maana ya utafiti."

"Na wewe umejipima?"

Hakuwa amejipima. Haikumpitia akilini kwamba na yeye ana damu. Kesho yake akajichoma, akajipima, na kishimo chake kikawa njano kuliko vyote kwenye sahani ile. Akacheka peke yake, kicheko kikaishia njiani. Jumapili, kwenye Misa, watu waliposimama kwa Injili alihisi vidole vya miguu vimekufa ganzi. Wakati wa mahubiri ganzi ikapanda kwenye visigino. Kufikia matoleo alikuwa anapepesa jicho moja moja kuangalia lipi limeanza kufifia, na mama mmoja wa benchi la pili akadhani anamkonyeza.

Jumatatu alimwendea Kija, bila koti jeupe, bila "dada yangu".

"Yule bakteria mtupu," alisema. "Tunaweza kumpata?"

"Yupo kwenye friji tangu siku ya keki," alisema Kija. "Nilikuwa nakungoja."

Waliipanga sahani pamoja. Upande mmoja protini ya Muganyizi, upande wa pili mchujo wa bakteria ambaye hakuwahi kupewa jeni yoyote ya binadamu, asiyejua mailini wala ubongo. Wakatia damu ya Muganyizi, ya Kija, ya mlinzi, na ile ya Mheshimiwa iliyokuwa imebaki. Wakaosha. Wakatia rangi. Pande zote mbili zikawa njano, tena sawasawa, kama shamba moja la alizeti.

Muganyizi alikaa kwenye kigoda. Alijua jibu, kwa sababu mjinga hakuwa. Alikuwa na haraka tu, na haraka ya msomi huvaa tai. Hata hivyo Kija alimwambia, kwa kuwa kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuyasikia kwa masikio yake.

"Damu haikuwa inaing'ang'ania mailini. Ilikuwa inang'ang'ania uchafu wa bakteria ambao hukuuchuja ukaisha. Ndugu wa bakteria hawa wanakaa tumboni mwa kila mtu. Kila aliyewahi kula na kuharisha ana askari wa kupigana nao."

"Kwa hiyo Mheshimiwa..."

"Mheshimiwa ana utumbo," alisema Kija. "Kipimo chako kimethibitisha kwamba Mheshimiwa ana utumbo." Akacheka kwa pua mpaka miwani ikamshuka.

Ganzi ikamtoka Muganyizi miguuni papo hapo, ikahamia usoni.

Akaenda Buswelu, kwenye jumba jipya la Mheshimiwa, akiwa amejipanga kama mtu anayekwenda kuposa. Alimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, fimbo yenye kichwa cha fedha kando. Mashada ya maua ya plastiki ya kumtakia afya njema yalijaa mpaka kwenye ngazi. Muganyizi akamweleza yote: bakteria, uchafu, dume na ndoo. Mheshimiwa alisikiliza kwa makini sana.

"Unasema mimi ni mzima?"

"Mzima kabisa, Mheshimiwa. Hata huo mguu unaweza kuushusha."

Mheshimiwa hakuushusha. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Daktari Kija."

"Sasa nisikilize, Daktari. Rufaa ya India imekwishatoka. Mke wangu anakwenda kunisindikiza, na katibu anakwenda kumsindikiza mke wangu. Wazee wamenichinjia ng'ombe. Kwaya imenitungia wimbo. Wapinzani wangu, wale wale unaowajua, wamefunga kula na kusali kwa ajili yangu. Mmoja amelia redioni. Leo unataka nisimame mbele ya watu hao niwaambie kwamba nilikuwa na utumbo?"

"Ndiyo ukweli, Mheshimiwa."

"Ukweli sijaukataa. Utanikuta nikirudi."

Muganyizi akasindikizwa mpaka getini na mhudumu aliyemuuliza kwa unyenyekevu kama yale mafuta ya sangara yanafaa na kwa watoto. Njiani alijiambia kwamba amejaribu. Mtu akishajiambia hivyo moyo hutulia, na wake ulitulia kwa muda mzuri tu. Foleni aliifunga akisema mashine ina matengenezo. Maabara haikuwa na mashine.

Hapo ndipo alipokuja Odeta.

Odeta alikuwa mwanamke wa makamo, muuza samaki upande wa Kamanga, kule kivuko kinakoshusha watu wa Sengerema. Alifika asubuhi akiwa ameshikwa mkono na mdogo wake, Justa, na mkono mwingine ukipapasa ukuta wa korido. Damu yake ilikuwa mojawapo ya zile za kwanza kabisa kutoka hospitali, zile za "njano tupu".

"Shikamoo, Daktari," alisema, akiuelekezea uso wake kwenye kabati.

"Marahaba, mama. Niko huku."

Akageuka. Akasimulia kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi bila faida. Jicho la kulia lilianza kuuma kila alipoligeuza, kisha likafungwa na kiza ndani ya siku chache. Majirani walisema mke mwenzie ndiye amelifunga. Yeye hakuwasikiliza, akavuka kwenda hospitali, na daktari wa pale, kijana aitwaye Elias, alishughulika naye vizuri mwanzoni. Alichukua damu, akaileta kwa Muganyizi, na majibu yaliporudi akamwambia Odeta ugonjwa umejulikana, aje aanze dawa. Nauli na kumwuguza mama yake vikamchelewesha. Aliporudi, mji mzima ulikuwa umepimwa.

"Yule daktari akacheka," alisema Odeta. "Akaniambia, mama, hiyo mailini hata mimi ninayo. Hata mlinzi wa getini anayo, hata Mheshimiwa. Nenda ukapumzike, ni macho kuchoka. Nikaenda nikapumzika. Sasa na la kushoto limeanza kuuma."

Muganyizi akamsogezea kigoda.

"Nimekuja kuuliza swali moja tu, maana wewe ndiye mwenye kipimo. Wanasema ugonjwa wangu ni wa kila mtu. Sasa mbona kila mtu anaona?"

Katika maisha yake yote ya usomi, kwenye mikutano ya Ulaya ambako watu wenye ndevu nyeupe walisimama kumuuliza maswali ya kumwangusha, Muganyizi hakuwahi kuulizwa swali kama lile. Alitazama jicho la kulia la mwanamke yule, lililokuwa safi, zuri, halina doa, na halioni. Akamtazama Kija. Kija safari hii hakucheka. Alikuwa tayari anafungua bomba la sindano.

"Nitampima kwenye seli zangu," alisema. "Wewe mpeleke hospitali sasa hivi. Usisubiri jibu langu."

Akampeleka kwa gari lake mwenyewe. Kwa Daktari Elias palikuwa na benchi limejaa, na Muganyizi alitaka kusema maneno yake faraghani, ofisini, kwa lugha ya kitaalamu yenye matundu ya kutorokea. Lakini Elias alikuwa anakatiza korido na mafaili kwapani, akamsalimia kwa shangwe mbele ya wagonjwa wote.

"Daktari wa mailini! Karibu sana!"

"Kipimo changu ni kibovu," alisema Muganyizi.

Elias akacheka. "Acha utani, mzee. Nilikuona kwenye televisheni."

"Hata mimi nilijiona. Kibovu. Hakipimi mailini, kinapima utumbo. Wewe ni mzima, mlinzi wako ni mzima, mimi ni mzima." Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu wa kwenye benchi wakaacha kukohoa ili wasikie vizuri. "Huyu mama peke yake ndiye mgonjwa, na tumempoteza katikati ya wazima. Mpime macho. Mtazame kama vile hujawahi kusikia jina langu."

Elias hakuwa mtu mbaya. Alimwingiza Odeta ndani, akammulika macho, akaona mboni ya kulia inavyolegea kwenye mwanga na ya kushoto inavyoanza kuifuata. Alipotoka hakuwa anacheka. Siku hiyo hiyo Odeta alilazwa, akatundikiwa dripu ya dawa ya steroidi ya kuituliza kinga.

Jibu la Kija lilikuja baadaye. Yeye hakutumia bakteria. Kwa muda mrefu alikuwa amewapa jeni ile ile ya MOG wale "ng'ombe" wake, seli za binadamu, na seli za binadamu huijua kazi hiyo: huikunja protini kwa umbo lake sahihi na kuisimamisha nje kwenye ngozi ya seli, jinsi inavyosimama kwenye mailini ya mtu aliye hai. Kingamwili wa ugonjwa huu ni wa kuchagua. Hutafuta umbo hilo, hawashiki kila kipande kinachopita. Kija akatia damu ya Odeta na rangi inayong'aa, na kandokando akaweka seli zisizopewa jeni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Seli zenye MOG ziliwaka pete za kijani kibichi. Zile nyingine zilibaki giza. Damu ya Muganyizi, giza pande zote. Ya Mheshimiwa, giza nene. Muganyizi aliitazama ile kijani kwenye darubini kwa muda mrefu, na wivu ulimshika, kwa sababu ilikuwa nzuri na haikuwa yake.

Jicho la kushoto la Odeta lilirudi. La kulia lilirudisha kivuli cha vitu, mlango na dirisha, basi. Elias alisema pengine lingepona lote kama dripu ingekuja mapema, akalisema akitazama chini, na Muganyizi naye akatazama chini, wakawa wanaume wawili wanaokagua sakafu.

Muganyizi aliwaita wanahabari. Akawaandalia maji na viti, akawaambia simuni kwamba ana taarifa kubwa kuliko ile ya kwanza. Alikuja mmoja, aliyekuwa anapita.

"Kwa hiyo taarifa yenyewe ni kwamba watu hawaumwi?" alimuuliza.

"Ndiyo. Maelfu waliambiwa ni wagonjwa, si wagonjwa."

"Daktari, hiyo si habari. Kungekuwa na aliyekufa ningekuelewa." Akanywa maji, akaenda zake.

Mheshimiwa alirudi kutoka India akiwa amenenepa. Madaktari wa kule walimchunguza kuanzia utosini hadi unyayoni wasikute kitu ila presha, wakamshauri apunguze nyama choma. Ushauri huo aliuacha hukohuko. Uwanja wa ndege alishuka ngazi bila fimbo, kwaya ikaimba ule wimbo, na paroko, aliyekuwa bado anakunywa mafuta ya sangara, akatoa shukrani. Wiki iliyofuata liliwekwa jiwe la msingi la Kituo cha Mailini. Turubai lilikuwa lile lile. Mheshimiwa alisema kwamba bila kugunduliwa mapema asingekuwa hai, akamwinua Muganyizi mkono kama bondia, akampa kipaza sauti.

Prudencia, kwenye viti vya wake wa wageni, alimwona mumewe akilamba midomo, akajua kwamba leo atasema.

"Ndugu zangu," alisema Muganyizi. "Kipimo changu kilikuwa uongo. Mheshimiwa hakuwahi kuumwa. Tulichokigundua ndani yake ni utumbo."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Watu walishika mbavu, mzee mmoja akaangusha kofia. Mshereheshaji akasema kweli wasomi wana vichekesho vyao. Muganyizi akarudia, kwa sauti zaidi, na kila aliporudia ndivyo walivyozidi kucheka, mpaka matarumbeta yakaingia. Mheshimiwa pia alicheka, meno yote nje. Macho yake tu hayakushiriki.

Uhamisho haukukawia. Muganyizi alipangiwa chuo kimoja cha mifugo ng'ambo ya ziwa, kufundisha lishe ya ndama, kwa sababu ya "mahitaji ya kazi". Ukuu wa Kituo alipewa shemeji wa mtu, bwana mtaratibu aliyekutana na protini mara ya mwisho kwenye maharage. Kija alibaki palepale na seli zake. Hospitali zilianza kumtumia damu, chache, za watu walioumwa kweli, na kila sahani aliyoipanga ilikuwa na safu ya vishimo vya seli zisizopewa jeni. Siku Muganyizi anafunga vitabu vyake kwenye maboksi, Kija alimletea chupa ya maziwa ya mgando kutoka kwa baba yake.

"Ya ng'ombe jike," alisema. "Nimehakikisha."

Muganyizi alivuka na kivuko cha asubuhi, gari lake likiwa limebanwa kati ya lori la saruji na mbuzi wa watu. Prudencia alikuwa amekwisha kumwambia kwamba yeye na Koku watafuata muhula ukiisha, na kwamba sinki aliitie fundi mwingine kabla hajaondoka, jambo ambalo hakulifanya. Aliposhuka Kamanga alimwona Odeta kwenye meza yake ya samaki, akipigana kwa maneno na mteja. Alisogea pembeni akamngoja amalize. Alitegemea nini, hakujua vizuri. Labda aitwe Daktari kwa sauti, watu wasikie.

"Habari za biashara, mama Odeta?"

Odeta aligeuza kichwa chote upande mmoja, kama kuku, ili jicho la kushoto limfikie. Akamtambua.

"Shikamoo, Daktari. Nzuri. Unachukua sato au sangara?"

"Sato. Yule pale mkubwa."

Akampimia. Muganyizi akalitazama fungu la pesa alilokuwa ameshika, akajaribu kutabasamu.

"Hata mimi hunipunguzii?"

"Kwa nini nikupunguzie?" aliuliza Odeta, wala hakuwa na hasira, alitaka tu kujua.

Muganyizi akafikiri. Nyuma yake mteja mwingine alikuwa anasukuma. Akalipa bei kamili, akachukua samaki wake, akaenda kutafuta barabara ya chuoni.